Maswali ya Wasomaji: Konokono Mchanga na Konokono Mkubwa, Yupi Hushikwa na Kichocho kwa Urahisi?

Barua tatu tulizozichagua safari hii zimetoka kusini, moja Lindi na mbili Mtwara, na zote zinamhusu konokono. Ya kwanza imechukua nafasi kubwa kuliko wenzake, kwa kuwa mwenye barua ameuliza jambo ambalo hata watu waliosoma sayansi hulichanganya.

*Ndugu Mwandishi, salaam. Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari iliyo kwenye bonde la mto Lukuledi. Mwishoni mwa msimu wa mvua wanafunzi wangu walikusanya konokono katika dimbwi lililobaki kando ya mto, tukawagawa makundi mawili kwa ukubwa wa gamba, kisha tukawaweka katika glasi za maji safi juani kwa saa kadhaa. Kwa hadubini ya shule tuliona viumbe vidogo vyenye mkia uliogawanyika panda katika maji ya baadhi ya konokono wakubwa, lakini maji ya wale wadogo hayakuwa na kitu. Kinachotutatiza ni kwamba mtaalamu mmoja wa afya aliyepata kututembelea alisema kuwa konokono wachanga ndio wanaoambukizwa kichocho kwa urahisi zaidi. Je, yeye alikosea, au sisi ndio tuliokosea? – Mwalimu wa Baiolojia, Mtama, Lindi*

Mwalimu, barua yako haisemi kama wanafunzi walivaa glavu za mpira walipowashika konokono hao na kubeba glasi zao, na kimya hicho kimenitia wasiwasi kiasi kwamba sina budi kuanza nacho. Viumbe mlivyoviona, iwapo vilikuwa vya kichocho cha binadamu, havingoji kumezwa ili vidhuru. Hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha lolote, tena kwa dakika chache tu. Ikiwa kuna mkono ulioingia katika maji yale, mwenye mkono huo aende kupima mkojo, lakini asiende kesho, kwa maana mayai ya mnyoo wa kichocho huanza kuonekana katika mkojo baada ya miezi 2 hadi 3 tangu maambukizi, na kipimo cha mapema kitampa faraja ya bure. Mkojo unaofaa kwa kipimo ni ule wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa kuwa ndio wakati mayai yanapotoka kwa wingi.

Sasa nije kwenye swali. Mtaalamu wenu alisema kweli, na ninyi pia mliona kweli. Mlikuwa na maswali mawili mbele yenu mkadhani ni moja. Yeye alizungumzia wepesi wa konokono kuambukizwa pindi anapokutana na kimelea, ilhali ninyi mlipima ni konokono yupi anayetoa vimelea katika siku ile moja. Baina ya kuambukizwa na kutoa vimelea hupita wiki kadhaa, na katika wiki hizo yule konokono mdogo hukua. Mkimwona akitoa vimelea, tayari mmemweka katika kundi la wakubwa.

Tazama jinsi mambo yanavyokwenda. Yai la mnyoo wa kichocho cha mkojo, Schistosoma haematobium, likiingia katika maji baridi pamoja na mkojo wa mgonjwa, huanguliwa na kutoa lava aitwaye mirasidia, ambaye amefunikwa na vinyweleo na huogelea akimtafuta konokono. Maisha yake hayazidi siku moja hivi, na nguvu zake za kupenya hupungua hata kabla ya siku hiyo kwisha. Akimpata konokono wa jenasi ya Bulinus anayemfaa, hupenya nyama laini ya kichwa au mguu wake na kujigeuza mfuko uitwao sporosisti. Mfuko huo huzaa mifuko mingine, ambayo huhamia kwenye tezi ya mmeng'enyo iliyo katika mizunguko ya juu ya gamba, na humo ndimo wanamotengenezwa serkaria, yaani wale wenye mkia wa panda mliowaona. Kazi yote hii huchukua kiasi cha wiki 5 au 6, na hurefuka pale joto la maji linaposhuka. Konokono mwenye umri wa wiki 3 anaweza kuwa ameambukizwa barabara, mifuko ikizaana ndani yake, na bado glasi yake ikabaki safi mchana kutwa. Ili kumgundua mgonjwa wa namna hiyo, wataalamu humpasua na kumkagua kwa hadubini, au hutafuta vinasaba vya mnyoo katika nyama yake.

Jambo la pili ni idadi ya siku ambazo konokono amekaa majini. Wavuvi wa Lindi watanielewa nikisema kwamba jarife kuukuu lina matobo mengi kuliko jipya kwa sababu limekwenda baharini mara nyingi zaidi, wala si kwa sababu uzi wake ni dhaifu kuliko wa jarife jipya. Konokono mkubwa amekwisha kuishi miezi katika dimbwi ambamo watu huoga, hufua na kukojoa, na kila siku aliyoishi ilikuwa siku nyingine ya kukutana na mirasidia. Hata kama kila mkutano mmoja ni wa hatari ndogo kwake kuliko kwa mchanga, mikutano ikiwa mingi hesabu humwelemea. Ndiyo maana wanaokusanya konokono porini hukuta mara kwa mara kwamba wenye maambukizi yaliyokomaa ni wale wa gamba kubwa, na wasiojua hutoka hapo wakiamini kwamba ukubwa ndio unaomfanya konokono ashikwe.

Yapo mengine mawili yanayozidi kuichafua hesabu hiyo. Konokono aliyeambukizwa akiwa mchanga pengine hukua haraka kuliko wenzake wasioambukizwa, kwa kuwa kimelea humharibia uwezo wa kuzaa, na chakula ambacho kingetumika kutengeneza mayai kikabaki kwa ajili ya mwili. Kwa hiyo gamba kubwa si cheti cha kuzaliwa cha kuaminika. Kisha wagonjwa hufa mapema kuliko wazima, jambo ambalo huwapunguza wagonjwa katika kundi la wakongwe kabisa. Mtu anayepima gamba tu, bila kujua lini konokono alizaliwa na lini aliambukizwa, anakusanya mambo haya yote katika namba moja.

Basi ule wepesi wa wachanga ulijulikanaje? Ulijulikana maabara, kwa konokono waliofugwa tangu yai, wenye umri unaojulikana, waliowekwa mmoja mmoja pamoja na idadi iliyohesabiwa ya mirasidia. Sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanywa kwa Biomphalaria glabrata, konokono wa Amerika ya Kusini na Karibi ambaye hubeba Schistosoma mansoni, mnyoo wa kichocho cha tumbo, kwa sababu konokono huyu hufugika vizuri. Mara nyingi matokeo yamekuwa kwamba wachanga, ambao hawajaanza kutaga, hushikwa kwa wingi kuliko konokono wakubwa wa ukoo uleule waliopewa dozi ileile. Wahenga waliposema samaki mkunje angali mbichi hawakuwa wakimfikiria konokono, lakini kimelea hiki kinaifuata kanuni hiyo.

Sababu inayoelezwa zaidi ni ulinzi wa mwili. Konokono hana kingamwili kama zetu, ila katika damu yake huzunguka seli za ulinzi ambazo, zikimtambua mgeni, humzingira tabaka juu ya tabaka na kumshambulia kwa kemikali kali, mojawapo ikiwa haidrojeni peroksaidi, dawa ileile tunayooshea vidonda. Katika konokono sugu, sporosisti huweza kuzingirwa na kuuawa ndani ya siku moja au mbili tu tangu ipenye. Watafiti wa Uholanzi katika miaka ya 1980, wakimchunguza konokono wa madimbwi ya Ulaya aitwaye Lymnaea stagnalis, waliona kwamba seli hizo kwa wachanga zilikuwa hafifu katika kazi yake kuliko za wakubwa. Kwa maneno mengine, mchanga huwa na askari wachache, na hao wachache bado hawajafuzu.

Hata hivyo nakuomba, Mwalimu, usiwaandikie wanafunzi ubaoni kwamba "mchanga hushikwa, mkubwa hashikwi". Mmarekani Charles S. Richards, aliyezalisha koo nyingi za Biomphalaria glabrata katika miaka ya 1970, alionyesha kwamba umri hufanya kazi yake chini ya amri ya urithi. Alipata koo zilizoshikwa zikiwa changa na zikiwa kubwa, koo zilizokataa kimelea katika umri wote, na nyingine zilizoshikwa utotoni lakini zikawa sugu zilipopevuka; usugu wa ukubwani katika baadhi ya koo ulirithiwa kama sifa inayotawaliwa na jeni moja lenye nguvu, ilhali hali ya utotoni ilitegemea jeni kadhaa. Mwaka 1977 alieleza hata konokono ambao hali yao iligeuka kadiri umri ulivyosonga, yaani waliokuwa sugu wakaja kushikwa baadaye. Huu ndio ugunduzi ninaoupenda kuliko yote katika habari hii, kwa sababu unawanyima raha wale wanaotaka mstari mmoja ulionyooka kutoka utoto hadi uzee.

Kisha kabla hata ya umri na ukoo, kuna spishi. Katika kisiwa cha Unguja, Bulinus globosus hubeba kichocho cha mkojo, lakini ndugu yake Bulinus nasutus, anayepatikana zaidi kusini mwa kisiwa hicho, hakibebi, awe wa wiki moja au wa mwaka mzima. Kwa hiyo wanafunzi wako waanze kwa kumtambua konokono wao. Bulinus ana gamba lililorefuka kidogo, na ukilishika ncha ikiwa juu na mdomo ukikutazama, mdomo huwa upande wa kushoto. Biomphalaria ni bapa, kama kamba iliyokunjwa na kulazwa mezani. Wala si kila chenye mkia wa panda ni kichocho cha binadamu, kwa maana minyoo ya ng'ombe na ya ndege nayo hutoa serkaria wanaofanana sana na hao, na hadubini ya shule haiwezi kuwatenganisha.

Utaniuliza basi ni yupi wa kuogopwa. Kwa maoni yangu ni yule aliyeambukizwa utotoni akanusurika hadi ukubwani, maana amekusanya ubaya wa pande zote mbili. Alishikwa kwa urahisi, na sasa ana tezi kubwa ya kuwalea serkaria wengi kila siku. Kwa Biomphalaria, konokono mmoja huweza kutoa mamia hadi maelfu kwa siku, nao wote wakiwa uzao wa mirasidia mmoja huwa wa jinsia moja, wote madume au wote majike. Aliyeambukizwa akiwa mkubwa huwahi kutaga mayai kabla kimelea hakijamzuia, tena pengine hutaga kwa pupa katika siku za mwanzo, kana kwamba anajua mlango unafungwa. Aliyeambukizwa kabla ya kupevuka huenda asitage kabisa, lakini serkaria wake wanatosha.

Kama mngependa kuendelea na uchunguzi, pimeni urefu wa kila gamba kwa milimita, andikeni tarehe, na rudieni dimbwi lilelile mara kadhaa katika mwaka. Mkikuta kwamba wanaotoa serkaria ni wachache mno, hata chini ya 5 kati ya 100, msishangae, kwani ndivyo ilivyo mara nyingi hata mahali penye wagonjwa wengi. Jaribio la kuwaambukiza konokono kwa makusudi kwa kutumia mkojo wa mgonjwa ni la maabara yenye kibali, na darasani lisifanywe. Mkimaliza, konokono na maji yao vimwagiwe maji yanayochemka kabla ya kutupwa.

*Mzee wetu, shikamoo. Nalima mpunga Kitere. Vijana wa hapa wameamua kuokota konokono wakubwa wote katika mifereji ili kichocho kiishe, kwa kuwa wakubwa ndio wanaoonekana. Je, kazi hiyo itafaa, na ifanywe wakati gani wa mwaka? – Mkulima, Kitere, Mtwara*

Marahaba, mwanangu. Vijana wana nia njema, nao wakivaa buti na glavu watapunguza serkaria kwa muda, kwani wakubwa ndio wanaotoa wengi zaidi. Lakini wanaobaki ni mayai yaliyogandamana chini ya majani, wachanga wasioonekana, na wale waliojificha kwenye tope. Konokono hawa ni huntha, na mmoja aliyesalia peke yake anaweza kujirutubisha na kuanzisha ukoo mpya. Mayai huanguliwa katika muda wa wiki moja hivi, na katika joto letu watoto huanza kutaga baada ya majuma machache tu. Kwa hiyo ukiwaondoa wakubwa na watu wakaendelea kukojoa mferejini, unaacha maji yamejaa wachanga, yaani wale wepesi wa kushikwa, na baada ya wiki 5 au 6 utakuwa ulipoanzia.

Kuhusu wakati, kusini kwetu mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Dimbwi linapokauka, baadhi ya Bulinus hujizika katika tope na kulala kwa miezi, na mvua zikirudi huamka na kutaga mara moja. Katika wiki zinazofuata maji huwa na wachanga wengi kuliko wakati mwingine wowote. Kwa hesabu hiyo, mimi ningependa dawa ya prazikwanteli, ambayo hutolewa kwa kipimo cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, iwafikie watu wa bondeni kabla ya mvua kukolea, ili kizazi kipya cha konokono kizaliwe katika maji yenye mayai machache ya mnyoo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba mahali penye maambukizi kwa asilimia 10 au zaidi, dawa hiyo itolewe kila mwaka kwa watu wote kuanzia umri wa miaka 2, badala ya watoto wa shule peke yao, na mkulima anayesimama kwenye jaruba kutwa ni mmoja wa watu hao. Dawa haimtibu konokono, ila inamkatia kimelea njia ya kumfikia, mradi kuwe na choo karibu na shamba ili mtu asilazimike kukojoa majini.

Palizi ya mifereji nayo husaidia, kwa sababu majani ndiyo chakula, kivuli na mahali pa kutagia. Dawa ya kuua konokono ipo, inaitwa niklosamidi, lakini huua samaki pia, kwa hiyo haifai kumwagwa na mtu yeyote bila wataalamu wa wilaya. Mkiamua kuitumia, lengeni sehemu ambazo watu huingia majini, maana kumwaga dawa mto mzima ni gharama isiyo na tija.

*Ndugu Mwandishi, sisi akina mama wa Mikindani huenda pwani maji yakitoka tukakusanya chaza na tondo. Wakubwa na wadogo wote tunawashika kwa mikono. Kuna hatari ya kichocho? – Mama wa Mikindani, Mtwara*

Dada yangu, kwa kichocho hakuna. Konokono wanaokibeba hawawezi kuishi katika maji ya bahari, wala yai la mnyoo halianguliwi vizuri katika maji yenye chumvi nyingi; umri wa tondo hauna uhusiano na jambo hili. Hatari inaanza pale mnaporudi na kwenda kujisuuza chumvi katika dimbwi au kijito cha maji baridi, hasa jua likiwa la utosi, kwa kuwa serkaria wa kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi karibu na adhuhuri, saa hizohizo mnazomaliza kazi. Jisuuzeni kwa maji ya bomba au ya kisima kilichofunikwa. Kama hakuna ila ya dimbwi, yatekwe, yachujwe kwa kitambaa ili konokono wasiingie, yawekwe katika chombo chenye kifuniko kwa siku 2 nzima kabla ya kutumiwa, kwa sababu serkaria asiyempata mtu hufa ndani ya muda huo.